Mwisho Usio na Pingu

Hadithi ya mtu mwongo ina tatizo ambalo hadithi nyingine za uhalifu hazina. Anayeisoma au kuitazama huwa msiri wa mwongo tangu mwanzo. Anaiona saini ikighushiwa, anajua maiti imezamishwa wapi, anausikia uongo ukifanyiwa mazoezi kabla swali halijaulizwa. Mwandishi akifika mwishoni hana siri ya kumfunulia mtu huyu, kwa sababu siri zote walikuwa wakizibeba pamoja. Linabaki swali moja, gumu kuliko linavyoonekana: katika watu wote waliodanganywa, nani atajua?

Nataka kuusifu mwisho mmoja uliolijibu swali hilo kwa ufundi ambao sijaona mfano wake katika televisheni ya miaka hii. Ni mwisho wa Ripley, tamthilia ya sehemu nane, yote kwa picha nyeusi na nyeupe, iliyotolewa na Netflix tarehe 4 Aprili 2024. Aliyeandika na kuongoza sehemu zote nane ni Steven Zaillian, yule aliyeandika mswada wa filamu ya Schindler's List. Anayemwigiza Tom Ripley ni Andrew Scott wa Ireland. Siwezi kuusifu mwisho bila kuusimulia, kwa hiyo asiyeitazama tamthilia hii, na anataka kuitazama bila kujua kitu, aiweke insha hii kando kwanza.

Tom ni tapeli mdogo wa New York, anayeishi kwa kuchezea hundi za watu. Siku moja anatafutwa na tajiri mwenye kampuni ya kuunda meli, Herbert Greenleaf, anayedhani kwamba Tom ni rafiki wa mwanawe. Mwana huyo, Dickie, amekwenda Italia na hataki kurudi. Tom analipiwa nauli aende akamshawishi. Anafika Atrani, mji wa ngazi kwenye pwani ya Amalfi, ambao kwa eneo ndio manispaa ndogo kuliko zote Italia. Anamkuta Dickie akijifunza kuchora kwa fedha za babake, pamoja na mpenzi wake Marge Sherwood, anayeandika kitabu kuhusu mji huo na kuupiga picha. Haupiti muda Tom amepewa chumba katika nyumba ya Dickie.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dickie hampi Tom jembe. Anampa kitanda, kinywaji, safari ya Napoli, na muda wa kutosha kuyachunguza mavazi yake, sauti yake na mwandiko wake. Hofu iliyomo katika hadithi hii anaijua kila aliyewahi kukaa chumba kimoja na mtu asiyemfahamu vizuri, iwe bweni la chuo au nyumba ya kupanga. Mwizi wa usiku huiba akaenda zake. Huyu anakula mezani kwako, anakuuliza umelalaje, na huku anajifunza kuwa wewe. Huko San Remo, ndani ya mashua ya kukodi, Tom anamuua Dickie kwa kasia, kisha anachukua jina lake, fedha zake, pete yake na saini yake.

Hadithi yenyewe ni ya zamani. Patricia Highsmith, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1921, aliichapisha kama riwaya mwaka 1955, na tangu hapo imepita katika mikono ya mafundi kadhaa. Kila fundi aliufuata mwili wa hadithi kwa kiasi fulani, lakini walipofika mwishoni kila mmoja alishika njia yake. Ndiyo maana nasema mwisho ni ufundi unaojitegemea.

Katika riwaya, hakuna anayejua. Tom anasafiri kwa meli hadi Ugiriki akiamini polisi wanamsubiri. Hawamsubiri. Badala yao anakuta barua: familia ya Greenleaf imeukubali wasia alioughushi, na mali ya Dickie ni yake. Anapanda teksi aende kwenye hoteli nzuri kuliko zote. Adhabu pekee aliyomwachia Highsmith ni wazo linalompitia kwamba huenda kila gati atakayoikaribia maishani ataona polisi wamesimama wakimngoja. Ulikuwa ujasiri mkubwa mwaka 1955, wakati sinema ya Hollywood ingali chini ya kanuni iliyotaka mhalifu asiachwe ashinde, kanuni iliyodumu hadi mwaka 1968. Highsmith alimwacha ashinde. Msomaji akifunga kitabu, yeye peke yake ndiye anayeujua ukweli, na mzigo huo hana wa kumtua.

Mwaka 1960 Mfaransa René Clément aliitoa filamu ya Plein Soleil, Tom akiwa Alain Delon, kijana wa miaka 24 mwenye uso ambao kamera haikuweza kuuacha. Hapo anayejua ni bahari. Mashua inavutwa nchi kavu ili iuzwe, na nyuma yake waya unaburura kitu kilichofungwa kwa turubai. Wakati huo Tom amejilaza juani ufukweni, amekunywa, ameridhika. Anaitwa aje kwenye simu. Anainuka na kutembea huku akitabasamu, naye hajui. Ni picha ya mwisho inayokaa kichwani miaka mingi, na Highsmith alimsifu Delon, lakini mwisho huo hakuupenda. Aliuona ni kuwaridhisha watu wanaotaka maadili yatimizwe mbele ya macho yao. Nakubaliana naye nusu. Mwendo wa Delon kuelekea simu ni kazi ya fundi hasa. Ila maiti iliyonasa kwenye waya ni bahati, na bahati ni njia rahisi mno ya kummaliza mtu aliyeishi kwa akili.

Miaka 39 baadaye Anthony Minghella akamkabidhi Matt Damon nafasi hiyo. Minghella aliuliza swali kwa upande mwingine: je, kama angepatikana mtu mmoja wa kumpenda Tom kweli? Akamweka Peter, mtu mpole, katika meli pamoja naye. Ndani ya meli hiyo hiyo yumo mwanamke anayemjua Tom kama Dickie. Watu wawili, majina mawili, meli moja. Tom hana pa kukimbilia, na anamnyonga yule anayempenda. Hatuoni tendo lenyewe. Tunamwona Tom amekaa peke yake chumbani melini huku sauti za tukio zikisikika, na mlango wa kabati ukicheza kwa mawimbi. Anayejua hapa ni Tom mwenyewe: anajua amemuua mtu pekee ambaye angeweza kumwambia ukweli. Mwisho huo unauma. Ninauheshimu sana.

Zaillian alikuja baada ya hawa wote, na mtazamaji aliyeyajua yaliyotangulia alikuwa anasubiri maiti iibuke, au meli iondoke. Yeye hakutumia hata kimoja. Alichagua kitabu.

Ili kuelewa kwa nini kitabu, lazima kuangalia jinsi tamthilia nzima ilivyojengwa, na hapa ndipo wengi walipochoka wakasema inakwenda polepole. Ni kweli inakwenda polepole. Kamera ya Robert Elswit inakaa juu ya vitu. Tunaona kalamu ikijaribu saini tena na tena. Tunaona mashine ya taipu ikiandika barua za marehemu. Tunaona pasipoti ikifunguliwa, daftari la wageni hotelini likijazwa, hundi ikipigwa muhuri, bahasha ikigundishwa stempu. Karibu kila ushindi wa Tom ni ushindi wa karatasi. Ana nguvu kidogo mwilini. Tendo la kuua lenyewe linamshinda nusu. Baharini San Remo anaanguka majini, na mashua inazunguka yenyewe na kumrudia kama mnyama. Sehemu hiyo inachukua dakika nyingi na karibu haina maneno. Lakini mpe karatasi na wino, hakuna wa kumweza. Benki inamwamini, hoteli inamwamini, posta inamwamini, na familia ya marehemu inasoma barua zake na kujibu.

Na wakati huo wote, pembeni, kuna mtu mwingine anayefanya kazi ya karatasi. Marge anaandika. Ana kamera, anapiga picha za mji na za watu wake, anahangaikia sentensi zake. Tom haoni kitu katika maandishi yale, na sisi watazamaji, kwa kuwa tumekubali kutazama kwa macho ya Tom, tunakidharau kitabu hicho pamoja naye. Kinatajwa, kinasahaulika, kinatajwa tena. Hakuna muziki unaotuambia tuwe makini. Zaillian ameiweka silaha mezani mchana kweupe, tena mapema kabisa, na ameiacha ionekane kama pambo.

Sasa Inspekta Pietro Ravini. Anaigizwa na Maurizio Lombardi, na bila yeye mwisho huu usingekuwepo. Anaingia baada ya mauaji ya pili, ya Freddie Miles, rafiki wa Dickie aliyefika kwenye fleti ya Roma akaanza kushuku. Tom alimpiga kwa kisahani kizito cha kioo cha kuwekea majivu ya sigara, akahangaika usiku kucha kumtoa mle ndani hadi Via Appia, na shahidi pekee alikuwa paka wa jengo lile, Lucio, aliyekaa akitazama kila kitu. Waandishi wengi wa hadithi za aina hii humfanya polisi kuwa mjinga ili mhalifu aonekane mwerevu. Ravini si mjinga hata kidogo. Ana subira, anaandika, anauliza swali moja mara mbili, anarudi tena kesho. Kosa lake ni moja tu, na si kosa la akili: siku ya kwanza alipobisha mlango, mtu aliyemfungulia alimwambia yeye ndiye Dickie Greenleaf, na alikuwa na hati za kuthibitisha. Kila hesabu anayopiga baada ya hapo ni sahihi, ila imejengwa juu ya uso usio wa Dickie. Ndiyo maana anafikia kuamini kwamba Dickie ndiye muuaji na Tom ndiye aliyeuawa. Mtu mwenye akili, akipewa jambo moja la uongo mwanzoni, anaweza kwenda kwa utaratibu mzuri hadi mahali pasipo. Kumwonyesha mtu wa aina hii bila kumdhalilisha kunataka mkono uliotulia.

Halafu Venice. Tom amerudi kuwa Tom, amekodi jumba la kifahari, na Ravini anakuja kumhoji. Hapa tatizo la kiufundi ni kubwa: Ravini amekwisha kaa uso kwa uso na mtu huyu huyu akiwa na jina jingine. Inawezekanaje asimtambue? Zaillian anajibu kwa mwanga. Katika tamthilia nzima amekuwa akitupeleka kumtazama Caravaggio, mchoraji aliyeujua mwanga na giza kuliko wenzake, na ambaye mwaka 1606 alimuua mtu huko Roma akakimbilia Napoli, na baadaye Malta na Sicilia. Tom alikwisha peleka macho yake Napoli kwenye mchoro wa Matendo Saba ya Huruma. Sehemu ya nane, ambayo kichwa chake ni Narcissus, inafunguka kwa kumwonyesha Caravaggio mwenyewe usiku wa mauaji yake. Kwa hiyo Tom anapopanga taa chumbani, akajiwekea ndevu na nywele za bandia, akachagua kiti ambacho nusu ya uso itakaa gizani, tunaelewa kwamba ameingia kwenye mchoro aliokuwa akiutamani. Ravini anakaa hatua chache kutoka kwake. Anauliza. Anajibiwa. Anaondoka.

Naomba nikiri kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa Tom katika dakika zile. Nilitaka ndevu zisibanduke. Huo ndio uchawi wa kutisha wa hadithi hizi. Katika vibanda vya video vya mitaani kwetu tumezoea kusema stelingi hauawi, na hapa stelingi ni yule ambaye kwa haki angepaswa kuwa adui. Zaillian anajua tumeshikwa, na anatuacha tushinde pamoja na Tom. Marge anakubali kwamba Dickie amejiua. Mzee Greenleaf anakubali. Mchoro wa Picasso uliokuwa wa Dickie sasa uko mikononi mwa Tom, na ana pasipoti mpya yenye jina jingine kabisa. Kila mlango umefungwa taratibu, bila kelele.

Ndipo kitabu cha Marge kinamfikia Ravini.

Anakifungua. Kimetolewa kwa kumbukumbu ya Dickie, na ndani mna picha yake. Angalieni kilichofanyika hapo. Picha ile haimwonyeshi Tom. Haina alama ya damu, haina siri, haijapigwa na mpelelezi. Ni picha ya kijana aliyependwa, imechapishwa na mwanamke anayemwombolezea. Kinachomvunja Ravini ni kwamba anamtazama mtu ambaye hajapata kumwona maishani mwake. Ilibidi awe mtu anayemfahamu. Si yeye. Na katika kimya cha uso wa Lombardi tunauona upelelezi wote ukigeuka chini juu: yule wa Roma, yule wa Venice, sauti ile, kiti kile gizani. Hakuna king'ora. Hakuna anayekimbia. Tamthilia inaisha na sisi tunajua kwamba sasa kuna mtu wa pili anayejua.

Tuliokua tukisoma visa vya Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipochapishwa mwaka 1960, tumefundishwa kungoja mpelelezi aeleze mambo yote kwa kinywa chake, kila fundo lifunguliwe na wahusika wasikie. Ile ni furaha ya haki, na siibezi. Ukweli pale unakuwa mali ya watu wote. Ravini hana mkutano wa kuuitisha. Muuaji ameondoka kwa jina asilolijua, na maelezo yote yako kichwani mwake peke yake. Bado niliridhika, na nimejiuliza kwa nini niridhike na mwisho usio na pingu wakati methali inasema za mwizi ni arobaini.

Jibu langu ni kwamba Zaillian hakukwepa haki. Aliitenganisha na adhabu. Adhabu ingehitaji Tom akamatwe. Haki inayodaiwa na hadithi hii ni nyingine: Dickie arudishiwe uso wake. Kwa sehemu kadhaa mtu aliyekufa amekuwa akitembea, akila mkahawani na kuandika barua kwa mwili wa mwingine. Jina lake limetumika hadi likachakaa. Ukurasa mmoja wa kitabu unamrudisha. Anaonekana alivyokuwa, na anayemtazama ni mtu aliyepewa kazi ya kumtafuta. Na aliyemrudisha ni Marge, yule ambaye Tom hakuona haja ya kumwogopa, kwa kutumia zana zile zile za Tom, karatasi na wino, isipokuwa yeye alizitumia kusema kweli. Sijui namna nyingine ambayo mwongo huyu angeweza kushindwa bila mwandishi kudanganya.

Wapo waliolalamika kwamba mwisho huu umeachwa wazi ili msimu wa pili uuzike. Sikubaliani nao. Mwisho ulio wazi ni ule ambao swali la hadithi halijajibiwa. Hapa swali lilikuwa nani atajua, na limejibiwa. Kama Ravini atamfuata Tom au atakifunga kitabu na kukiweka kabatini, hiyo ni hadithi nyingine. Highsmith mwenyewe aliandika riwaya nne zaidi za Ripley, ya mwisho mwaka 1991, na hakuna aliyeiita ile ya kwanza pungufu.

Mwezi Septemba 2024 Zaillian alipewa tuzo ya Emmy ya uongozaji kwa kazi hii, na Elswit akapewa ya upigaji picha. Zote mbili zilistahili. Lakini tuzo haziwezi kumfundisha mtu jinsi mwisho huu ulivyopatikana. Hilo linaonekana kwa kuitazama kazi yenyewe. Kwa hiyo nawaomba wenzetu wanaoandika tamthilia za televisheni, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, waitazame Ripley mara mbili. Mara ya kwanza wamfuate Tom, kama mwongozaji anavyotaka. Mara ya pili wamsahau Tom, wamfuate Marge na kamera yake tangu sehemu ya kwanza, na wahesabu ni mara ngapi kitabu chake kilipita mbele ya macho yao kabla hakijamfikia Ravini.